Mediani si «namba ya katikati» tu

Likizo iliyopita, nyumbani Kalemie, mdogo wangu wa darasa la nane alinionyesha zoezi: kutafuta mediani ya 7, 48, 4, 6, 5. Alikuwa ameandika 4. «Yaya, si ndiyo iko katikati?»

Hesabu hakukosa, neno ndilo lilimpoteza. Somo lilitolewa kwa Kifaransa, kisha likafupishwa kwa Kiswahili: «namba ya katikati». «Katikati» hutaja mahali tu, haisemi kwamba lazima kupanga kwanza: 4, 5, 6, 7, 48. Hapo mediani ni 6.

Mwenzangu wa kitivo alipendekeza «wastani». Sikubali. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kati, lakini leo neno hilo hutumika kwa jumla iliyogawanywa: 70 kwa 5, yaani 14. Kama hizo ni beseni za ndakala za mitumbwi mitano, hakuna mtumbwi uliokaribia 14. Mmoja wenye 48 ndio ulioivuta juu.

Mimi nasema tubaki na «mediani», ila maelezo yaanze na kitenzi: panga, kisha chukua ya katikati. Zikibaki mbili katikati, zijumlishe, gawa kwa 2.

Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Sisi tunaosomea lugha tusipoingia darasa la hesabu, heshima hiyo itabaki kwenye karatasi, na mtoto ataendelea kuandika 4.