Duara la Meno 31: Hoja Kuhusu Ufundishaji wa Vipimo

Kwa muda mrefu wakufunzi wa hisabati na wakufunzi wa ufundi katika vyuo vyetu vya ualimu wameishi kama majirani wasiotembeleana. Huyu hufundisha sehemu na desimali ubaoni, yule hufundisha kukata chuma karakanani, na mwanachuo ndiye anayeachiwa kazi ya kuyaunganisha mafunzo hayo siku atakapokabidhiwa darasa. Aghalabu hayaunganishi. Wakati wa mazoezi ya kufundisha tunamwona akiandika kipimo ubaoni kwa ufasaha, lakini akiulizwa na mwanafunzi kipande kikizidi au kikipungua kiasi gani bado kitafaa, hana la kujibu. Swali hilo hakupata kuulizwa na mtu yeyote chuoni.

Tunapenda kupendekeza zoezi moja ambalo, kwa maoni yetu, laweza kuwakutanisha majirani hao. Zoezi lenyewe ni dogo ajabu: kutengeneza upya vipande vinavyoonyesha tarehe katika saa ya mkono, ili dirisha la tarehe lililo penye tarakimu 3 lihamie penye tarakimu 6. (Tunasema penye tarakimu 3, wala hatusemi saa tatu, kwa kuwa kwetu mshale ukielekea hapo huwa ni saa tisa.) Yamkini baadhi ya wasomaji watauliza ni mwalimu gani wa kijijini atakayehitaji kuhamisha dirisha la tarehe. Hatudai kwamba atalihitaji. Tunachodai ni kwamba zoezi hili humfundisha kipimo kwa namna ambayo kigoda na koleo la mkaa, vyombo tulivyozoea kuviagiza karakanani, haviwezi kumfundisha.

Kwanza tueleze saa yenyewe inavyofanya kazi. Rolex ilipotoa Datejust mwaka 1945, ilitoa saa ya kujitia ufunguo yenyewe ambayo tarehe yake ilijibadili dirishani bila kuguswa. Tangu hapo dirisha la namna hiyo limekuwa kitu cha kawaida hata katika saa za bei nafuu. Chini ya uso wa saa limelazwa duara jembamba la chuma au plastiki. Juu yake zimechapwa tarehe 1 hadi 31, na ukingo wake wa ndani una meno 31. Gurudumu la mshale wa saa huzunguka mara moja kwa saa 12. Hilo husukuma gurudumu jingine lenye meno maradufu, ambalo kwa hiyo huzunguka mara moja kwa saa 24. Gurudumu hili la pili lina kidole. Kila usiku wa manane kidole hicho hukuta jino moja la duara na kulisukuma. Lakini katika saa nyingi kidole hakisukumi hatua nzima. Kipo kizuizi kidogo chenye springi, ambacho ncha yake hukaa kati ya meno mawili. Kidole husukuma mpaka ncha hiyo ivuke kilele cha jino, kisha springi humalizia hatua iliyobaki na kulituliza duara mahali pake. Bila kizuizi hicho tarehe ingekuwa inayumba dirishani mchana kutwa.

Sasa mwanachuo aambiwe: hamisha dirisha. Wengi watadhani kazi ni kutoboa tundu jipya katika uso wa saa. Watoboe, lakini wakihesabu kwanza wataona kikwazo kilichojificha. Kutoka tarakimu 3 hadi tarakimu 6 ni robo ya duara. Robo ya 31 ni 7.75. Basi tarehe moja ikiwa imekaa sawasawa katikati ya dirisha la zamani, katika dirisha jipya hakuna tarehe itakayokaa katikati: iliyo karibu zaidi itakuwa imepotoka kwa robo ya hatua. Tuchukue duara ambalo tarehe zake zimepangwa umbali wa milimita 11 kutoka kitovu. Mzingo hapo ni milimita 69.1, hatua moja ni milimita 2.23, na robo yake ni karibu milimita 0.56. Kiasi hicho ni kidogo kuliko punje ya mchele, nacho chatosha kuifanya tarehe ionekane imeegemea ukingo wa dirisha kama mtu anayechungulia. Tena tarehe yenyewe italala ubavu, maana ilichapwa isomeke upande wa kulia wa uso, wala si chini.

Hapa ndipo tunapouona utajiri wa zoezi hili. Wanachuo wote wamefundishwa tangu shule ya msingi kwamba 31 ni namba tasa. Wameiandika katika orodha pamoja na 29 na 37, wakapewa alama ya vema, wakasahau. Ni wangapi kati yao waliopata kukutana na utasa huo ukiwakatalia jambo? Namba hii haigawanyiki kwa 4, wala kwa 12, wala kwa kitu chochote ambacho mchora uso wa saa angependa igawanyike. Dirisha likipelekwa kati ya tarakimu 4 na 5, kama watengenezaji wengine wanavyopenda kufanya, umbali unakuwa hatua 3.875, na taabu ni ile ile.

Zipo njia zaidi ya moja za kutoka katika taabu hiyo, nasi tungependa mkufunzi azifiche, asizitaje. Yupo atakayesema kizuizi kisogezwe kwa robo ya hatua. Huyo ataulizwa kidole nacho kitalikuta jino saa ngapi, na tarehe zilizolala ubavu atazisimamishaje. Yupo atakayesema likatwe duara jipya la shaba ya manjano. Na yupo mvivu mwenye akili, ambaye katika kila darasa huwapo mmoja, atakayesema meno yaachwe kama yalivyo, zichapwe tarehe tu katika pete ya karatasi, zikiwa zimesogezwa robo ya hatua na kugeuzwa zisomeke upande wa chini, kisha pete ibandikwe juu ya duara la zamani. Jibu lake ni zuri kuliko yote mpaka atakapopima. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu milimita 0.1, na nafasi iliyopo kati ya duara na uso wa saa ni finyu. Karatasi ikikwaruza uso, duara litakwama usiku wa manane. Basi uso uinuliwe kwa pete nyembamba iliyokerezwa kwa ajili hiyo. Uso ukiinuliwa, mshale wa saa hupata sehemu fupi zaidi ya kushikia juu ya bomba lake. Hivyo mwanachuo aliyedhani amekwepa kazi ya mashine atajikuta anaikereza pete ya sehemu mbili za kumi za milimita, naye amejifunza kwamba katika chombo kilichokwisha kuundwa huwezi kugusa kitu kimoja peke yake.

Kwa wale watakaokata duara jipya, somo kubwa liko katika kugawa. Nyuzi 360 zikigawanywa kwa 31 hutoa 11.6129 na desimali zisizokoma. Mwanachuo mwenye haraka ataandika 12. Akipima nyuzi 12 mara 30 duara limekwisha, na tarehe 31 haina pa kukaa. Miezi saba ya mwaka imepoteza siku moja moja. Anayeandika 11.5, kwa sababu kipimapembe chake husomeka kwa nusu ya nyuzi, atapata meno 31, lakini pengo la mwisho litakuwa nyuzi 15 wakati mengine yote ni 11.5. Anayeandika 11.6 atabakiwa na pengo la nyuzi 12, na macho yake hayataliona, ila kizuizi kitaliona. Tunapofundisha ukadiriaji wa desimali ubaoni tunaishia kusema "kwa nafasi moja ya desimali", kana kwamba kilichokatwa kimetupwa na hakitarudi. Katika duara hiki hurudi chote, kwa pamoja, penye jino la mwisho. Dawa yake nayo ni ya kihisabati: asijumlishe hatua juu ya hatua, bali akokotoe mahali pa kila jino kutoka mwanzo, yaani 360 mara namba ya jino, gawanya kwa 31, akadirie hapo tu.

Karakana iliyobahatika kuwa na kichwa cha kugawia duara ina somo jingine tena. Katika aina inayotumika sana, mpini huzungushwa mara 40 ili kazi izunguke mara moja. Kwa meno 31 mpini uzungushwe mara ngapi kwa kila jino? Ni 40 juu ya 31, nayo ni mzunguko mmoja kamili na sehemu 9 kati ya 31. Kwa hiyo hutafutwa sahani yenye mstari wa matundu 31, mpini ukazungushwa mara moja na kusogezwa matundu 9. Hapana desimali hata moja, wala hapana kinachopotea. Tumekuwa tukiwasikia wanachuo wakiuliza kwa nini waendelee kufundisha sehemu ilhali kuna kikokotoo katika kila simu. Sahani ile ingewajibu vizuri kuliko sisi.

Lakini hoja yetu kuu ni ya upimaji. Kigoda cha mwanachuo hupimwa kwa jicho la mkufunzi, na jicho la mkufunzi lina huruma, lina uchovu, na mara nyingine lina haraka ya kufunga muhula. Miguu ikipishana kidogo, rangi hufunika. Duara la tarehe halina adabu ya kumwonea mtu haya. Hugeuka usiku wa manane au haligeuki. Tarehe hukaa katikati ya dirisha au haikai. Hufanya hivyo kwa siku 31 mfululizo au hukwama tarehe 17. Mwanachuo hana haja ya kuletewa alama na mtu, kwa maana huiona mwenyewe asubuhi. Nasi tunaamini kwamba mwalimu ambaye hajapata kuhukumiwa na kazi yake mwenyewe kwa namna hiyo hatajua jinsi ya kuhukumu kazi ya wanafunzi wake, atatoa alama kwa usafi wa daftari.

Jambo hili limekuwa na uzito zaidi sasa. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 tumekuwa tukisema kwamba elimu na kazi visitenganishwe, na mahali pengi tuliyatimiza maneno hayo kwa jembe, kufikiri tukakuacha darasani. Leo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika Toleo lake la 2023, imeweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla katika sekondari, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Wanafunzi wa mkondo huo watahitaji walimu ambao mikono yao imepata kukosolewa na chuma. Tukiwapelekea walimu waliosoma mashine ya kukereza kwa mchoro tu, mkondo huo utageuka kuwa mahali pa kuwapeleka watoto walioshindwa mengine, na wazazi hawatakuwa wamekosea kuukimbia.

Tutaambiwa kwamba vyuo vingi havina mashine za kukereza, achilia mbali vichwa vya kugawia. Ni kweli, na ndiyo maana tunashauri zoezi lianzie katika ubao mwembamba, kwa kipimo mara kumi. Tarehe zipangwe umbali wa milimita 110 kutoka kitovu. Hatua itakuwa milimita 22.3 na robo yake milimita 5.6, kiasi ambacho rula ya shule hukipima. Meno yakatwe kwa msumeno mdogo na kusawazishwa kwa tupa. Kizuizi kiwe kipande cha mti kinachovutwa na mpira wa baiskeli. Kidole kiwe msumari. Kosa la yule wa nyuzi 11.5 litaonekana kutoka mwisho wa darasa. Wachache watakaoonyesha mkono mwepesi wapewe shaba na kioo cha kukuzia.

Wengine watasema saa ya mkono inakufa kwa ajili ya simu. Hilo halituhangaishi, hatufundishi biashara ya saa.

Kwa vyuo vya pwani na Visiwani tungeongeza swali moja kwa wanachuo waliomaliza mapema. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30. Duara lake la tarehe litakuwa na meno 30, hatua zitakuwa nyuzi 12 kamili, na mwenye saa atalisogeza kwa mkono kila mwezi unapoandama baada ya siku 29. Je, kidole kilichoundwa kwa duara la meno 31 kitalifikisha jino la duara hili penye kilele cha kizuizi? Na je, ikiwa siku mpya huanza jua linapotua, ni kipande gani cha kubadilishwa ili tarehe igeuke magharibi badala ya usiku wa manane? Anayetambua kwamba hakuna kipande cha kubadilishwa, kwamba inatosha kuifuatisha mishale hesabu ya Kiswahili ili ikutane kwenye 12 jioni, huyo apewe alama zote bila kushika tupa.

Kuhusu saa za kufanyia kazi, mafundi saa wa sokoni huwa na makopo ya saa zilizokufa ambazo huzitunza kwa ajili ya vipuri, na si vigumu kupatana nao bei. Tungeshauri wakufunzi wenzetu wasiishie kununua. Fundi saa aalikwe chuoni siku ya kupima kazi, akae meza moja na mkufunzi wa hisabati na mkufunzi wa ufundi, na neno lake lihesabiwe katika alama. Taratibu za upimaji zilivyo hazina safu ya kuandikia alama za mtu asiye na cheti cha ualimu. Safu hiyo iongezwe, na nauli yake ilipwe na chuo.