"Biblia imesema": imesema kwa namna gani?



Yapo maneno mawili yanayofunga vinywa katika mikutano yetu: "Biblia imesema." Yakishatamkwa, mjadala umekwisha, na anayethubutu kuuliza zaidi huonekana mwenye imani haba. Sisi tunaona kinyume chake. Maneno hayo, yakitamkwa bila kuuliza Biblia imesema kwa namna gani, si ushuhuda wa imani. Ni uvivu uliovikwa kanzu. Na hapa Kisangani uvivu huo una wanaoulipia. Wengi wao ni watoto.

Kila katekista wa mji huu amekwisha kukutana na mtoto huyo. Mama amefariki, baba yuko machimboni au ameoa upya, na mtoto amewekwa kwa ndugu. Anakojoa kitandani, au ana kifafa, au ni mkaidi tu kama watoto wengine. Biashara ya nyumbani inadorora, mtoto mwingine anaugua malaria, ndipo mtu analitamka lile neno: ndoki. Kinafuata kikao cha maombi, kisha mtoto ananyimwa chakula kwa jina la kufunga, na mwisho analala sokoni. Nao waliomfukuza hawakosi aya. Wanataja sura ya 22 ya Kitabu cha Kutoka, pale inapoamriwa kwamba mwanamke mchawi asiachwe hai.

Basi tuifungue sura hiyo, lakini tuisome yote. Imo ndani ya mkusanyo wa sheria ambao wataalamu huuita Kitabu cha Agano, kuanzia sura ya 20 hadi ya 23. Ni sheria za taifa la kale la wakulima na wafugaji, zilizotungwa kwa mtindo uliojulikana pia kwa majirani zao. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, nazo zinataja kesi ya uchawi katika vifungu vyake vya kwanza kabisa. Katika sheria hizo za Kutoka, aliyeiba ng'ombe mmoja na kumchinja hulipa ng'ombe watano. Aliyeiba kondoo hulipa wanne. Hatujapata kumsikia mhubiri yeyote akidai ng'ombe watano kwa mwizi wa soko kuu. Anaelewa, bila kufundishwa, kwamba hiyo ni sheria ya mahali pake na ya wakati wake. Kwa nini ufahamu huo unamtoroka anapofika kwenye aya ya mchawi?

Tuendelee kusoma. Aya chache tu baada ya ile ya mchawi, Mungu anakataza kumdhulumu mgeni, kisha anakataza kumtesa mjane na yatima. Anaonya kwamba yatima akimlilia, atakisikia kilio chake na hasira yake itawaka. Kisha anakataza kumtoza maskini riba, na anaagiza kwamba vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kutua. Aya ya mchawi inamtaja mwanamke, haimtaji mtoto. Yatima, yeye ametajwa waziwazi. Aliyeinua sura ya 22 ili amfukuze yatima ameinua juu ya kichwa chake mwenyewe hukumu iliyoandikwa kwenye ukurasa uleule.

Hapa ndipo tunapogusa ugonjwa wenyewe. Si kweli kwamba wanaosema "Biblia imesema" husoma kila kitu neno kwa neno. Bwana wetu alisema kwamba jicho likikukosesha uling'oe. Katika parokia zetu zote hatumjui hata mmoja aliyeling'oa. Alimwambia tajiri auze vyote awape maskini. Hapo tunaharakisha kueleza kwamba maneno yale yalimhusu mtu yule peke yake. Juu ya riba tunasema kwamba nyakati zimebadilika. Kumbe sote tunajua kwamba Maandiko yana namna nyingi za kusema! Ila tunalijua jambo hilo kwa upendeleo: palipo na mzigo wetu, tunasoma kama mfano, palipo na mzigo wa mwingine, tunasoma kama hati ya hukumu. Huko si kumtii Mungu. Ni kumfanya Mungu karani wetu.

Tunayajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni kwamba kutofautisha aina za maandishi ni elimu ya Wazungu na ya seminari, inayolipunguzia Neno nguvu. Wanaosema hivyo wamesahau wanakoishi. Walokele, jirani zetu wa mtoni, walikuwa na ngoma inayosema, iliyopeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji. Ngoma hiyo ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kwa hiyo neno moja fupi lingeweza kuchanganywa na mengine mengi. Ndiyo maana mpigaji hakusema "mwezi" tu. Alipiga fungu zima la maneno, mwezi unaotazama chini duniani. Mgeni asiyejua desturi hiyo angedhani anasimuliwa habari za anga, kumbe ametajiwa jina tu. Wazee wetu hawakuhitaji seminari ili kujua kwamba ngoma husikilizwa kama ngoma, na methali husikilizwa kama methali. Nani kati yetu amewahi kugombana kwa sababu "haraka haraka haina baraka" inapingana na "ngoja ngoja huumiza matumbo"? Kitabu cha Methali chenyewe, katika sura ya 26, kinaagiza tusimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, na aya inayofuata inaagiza tumjibu. Mwandishi hakusahau alichoandika punde. Hekima hutafuta saa yake.

Jibu la pili ni kwamba uchawi upo. Hatuingii leo katika mjadala huo, kwa sababu hauhitajiki. Hata anayeamini kwamba upo hana aya inayompa mamlaka ya kumhukumu mtoto. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemtuhumu mtoto kwa uchawi. Ni aibu kwetu ikiwa sheria ya serikali imemtambua yatima wa Kutoka 22 kabla yetu sisi tunaobeba Biblia kila Dominika.

Jibu la tatu ni zito zaidi: mkianza kuuliza aina ya maandishi, kila mtu atasoma anavyotaka. La hasha. Anayesoma anavyotaka ni yule anayekata aya moja na kuiacha sura. Kanisa limeweka njia. Hati ya Mtaguso, Dei Verbum, ya tarehe 18 Novemba 1965, inafundisha katika namba 12 kwamba Mungu amesema kwa njia ya watu na kwa namna ya watu. Basi mfasiri atafute walichokusudia kusema waandishi watakatifu, na azingatie aina za maandishi, maana ukweli huelezwa kwa namna moja katika historia, kwa nyingine katika unabii, na kwa nyingine katika ushairi. Hati hiyohiyo inadai tuzingatie umoja wa Maandiko yote na Mapokeo hai ya Kanisa. Mwaka 1993 Tume ya Kipapa ya Biblia ilionya kwamba usomaji wa kimsingi mkali, usiojali hayo, humwalika mtu auue ufahamu wake mwenyewe.

Na umoja huo wa Maandiko unasema nini juu ya mtoto wetu? Kitabu cha Ayubu, ambacho sehemu yake kubwa ni ushairi wa hekima, kinatuonyesha marafiki wanaotafuta mwenye kosa nyuma ya kila msiba. Mwishoni Mungu anasema kwamba hawakunena sawasawa. Katika sura ya 9 ya Yohane wanafunzi wanauliza nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili, kisha anamponya. Hakuitisha kikao cha kumtafuta mwenye hatia.

Tusiwatupie lawama wahubiri wa makanisa ya uamsho peke yao. Sisi makatekista tuna sehemu yetu. Tumewakaririsha ninyi vijana majina ya vitabu 73, tukawapa zawadi waliomaliza wa kwanza, wala hatukuwaeleza kwamba mko ndani ya maktaba, wala si mbele ya kitabu kimoja. Tumewapa ufunguo bila kuwaonyesha mlango. Na jirani alipomfukuza mtoto, baadhi yetu tulinyamaza, kwa sababu aya ilikuwa imekwisha kusomwa nasi hatukujua la kujibu.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja, ninyi wa Bilenge ya Mwinda, wa Kizito-Anuarite na wa makundi yote ya parokia. Aya ikitajwa katika mkutano wenu, asiwepo wa kusema "amina" kabla ya maswali matatu kujibiwa. Ni maandishi ya aina gani: sheria, wimbo, methali, mfano, unabii, barua? Kabla yake na baada yake pameandikwa nini? Na mzigo wa tafsiri hii unamwangukia nani: mimi ninayesoma, au mtu asiye na wa kumtetea?

Mkutano ujao, anzeni na Kutoka 22. Msomaji asimame, aisome kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, asiruke aya hata moja. Kisha tokeni mwende sokoni. Yatima wa sura hiyo yupo pale, na kilio chake kimekwisha kusikika.