Nesi aliandika UTI ili amlinde dadangu. Mtoto ndiye alilipa

Niliacha chuo mwaka wa pili. Hiyo stori ya karo mnaijua, sirudii. Lakini kozi niliyokuwa nafanya ilikuwa ya rekodi za afya, yaani wale watu wa chumba cha mafaili hospitalini ambao mnawapita mkidhani kazi yao ni kupanga karatasi tu. Leo natumia hako kaelimu kangu ka nusu kuongea kitu ambacho kimenikaa kooni tangu mwaka jana. Dadangu amenipa ruhusa.

Alikuwa na mimba ya miezi saba. Akaanza kutokwa na uchafu wa manjano, na damu kidogo kila akikutana na bwanake. Akaenda kliniki. Nesi akampima vizuri, akaangalia hadi ndani, akaona shingo ya kizazi ni nyekundu na ina usaha. Akampa dawa. Mpaka hapo hakuna shida.

Kisha nesi akachukua kile kijitabu cha mama na mtoto, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, hiki nani hukisoma nyumbani?"

"Baba watoto. Na mama mkwe."

Nesi akanyamaza kidogo. Halafu akaandika: UTI, ametibiwa.

Wacha niwaeleze hiyo UTI ilifanya nini. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa inaitwa ICD, na kila ugonjwa una msimbo wake. (Msimbo, sisemi kodi, msije mkaanza kufikiria landlord.) Katika toleo la 10, uvimbe wa shingo ya kizazi kwa mtu asiye na mimba ni N72. Ukiwa na mimba unahamia herufi O, ile ya mambo ya mimba na uzazi. Maambukizi ya njia ya mkojo ambayo hayajaelezwa zaidi ni O23.4. Maambukizi ya njia ya uzazi ni O23.5. Kipimo kikithibitisha kisonono, ni O98.2.

Angalia hizo mbili za katikati. 4 ni mkojo, 5 ni uzazi. Dadangu alikuwa 5, akaandikwa 4.

Wamarekani wanaenda mbali zaidi. Wao shingo ya kizazi ina nambari yake peke yake, O23.51, halafu unaongeza 1, 2 au 3 kulingana na mimba iko kipindi gani. Daktari asipoandika wiki za mimba, inawekwa 9, maana yake haijulikani. Hii nilijifunza nikisaka zile kazi za mtandaoni ambazo vijana wengi wa hapa tunazisaka, za kupanga rekodi za hospitali za huko. Kwa hivyo mimi nikiwa hapa ningeweza kulipwa nimwandikie mama wa Ohio shingo yake ya kizazi na kipindi cha mimba yake, na dadangu wa damu akapewa herufi tatu za uongo.

Dadangu alienda kujifungulia ocha kwa mama. Huko wakafungua kijitabu, wakaona UTI, wakageuza ukurasa. Nani atarudia kuangalia shingo ya kizazi kwa sababu ya mkojo? Shemeji naye hakuitwa kutibiwa, kwa sababu UTI haitibiwi na bwana. Hata kama zile dawa zilifanya kazi, alikuwa anarudi nyumbani kwa mtu yule yule.

Siku ya sita mtoto akaamka macho yamevimba, yanatoa usaha. Ndiyo, kuna dawa hupakwa machoni watoto wakizaliwa, lakini haizuii kila kitu, hasa klamidia. Daktari akauliza, "Mama, ulitibiwa nini ukiwa mjamzito?" Dadangu akajibu, "Waliandika ni mkojo." Siku hiyo ndiyo alisema ukweli wote. Mtoto alitibiwa, anaona vizuri, juzi ameniharibia simu. Lakini kuna watoto hupoteza macho hivyo.

Sasa mtasema nesi ni mbaya. Mimi sisemi hivyo. Aliona mama ambaye angeweza kufukuzwa kwa nyumba na mimba yake, akafanya alichoweza. Shida ni kwamba kwetu mara nyingi watu hutibiwa kwa dalili bila kipimo cha maabara. Maandishi ya nesi ndiyo ushahidi pekee uliopo. Akiandika uongo, hakuna karatasi nyingine ya kuusahihisha. Na mwisho wa mwezi ripoti ikienda kaunti, shida ya 5 haionekani popote.

Maoni yangu ni haya. Kijitabu kinachoenda nyumbani kiandikwe msimbo: O23.5, wiki 30. Faili linalobaki kliniki liandikwe kila kitu: alionwa nini, dawa gani, bwana ametibiwa au bado, anarudi lini kuangaliwa. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Zifichwe kwa mama mkwe, sawa. Daktari anayefuata asifichwe.

Mtaniambia shemeji atagoogle. Agoogle tu. Atapata "maambukizi ya njia ya uzazi wakati wa mimba", na hayo yako mengi, mengine hayahusu mwanaume yeyote. Hata ikiwa klamidia, inaweza kukaa mwilini kimya muda mrefu, kwa mke au kwa mume, bila dalili yoyote. Haikuambii nani alianza wala lini. Tukiendelea kuiita mkojo, ni kama tunamkubalia mama mkwe kwamba ni aibu.

Kwa hivyo dada, ukitibiwa kliniki usiondoke kabla hujauliza: umeandika nini hapo, na bwanangu naye anahitaji dawa? Na wewe nesi unayenisoma ukiwa umechoka zamu ya usiku, najua foleni iko hadi mlangoni. Lakini kuandika 5 kunachukua muda ule ule wa kuandika 4.