Unajua Status Yako? Ya Sukari, Nauliza

Wasee, swali moja kabla hujapita. Mara ya mwisho ulitolewa damu ilikuwa ya kupima nini?

Wacha nikisie. Malaria. Typhoid. Ama kuna weekend ilikuacha na wasiwasi ukaenda VCT mikono ikitetemeka. Ama kuna mdosi alitaka medical ndio akupe kazi. Zote sawa. Sasa niambie mara ya mwisho ulipima sukari na mafuta ya damu ukiwa mzima, bila mtu kukulazimisha.

Kimya. Najua.

Na si wewe peke yako. Serikali ilipofanya utafiti wa nchi nzima mwaka wa 2015, karibu watu wazima 9 kati ya 10 walisema hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja maishani. Hii ndiyo nchi ilitufundisha tangu primary kwamba kujua status ni ujanja. Lakini walitufundisha status moja tu.

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini niliacha campus. Huwa najibu kwa utani kwamba lectures zilinishinda. Ukweli ni kwamba fees yangu ya second year iliingia kwa mguu wa mzee wangu.

Buda ni dereva wa matatu. Kukaa kutwa, soda mkononi, chapo mbili saa nne, chips saa tisa. Alikuwa na kitambi, na mtaa mzima ulikisifu. "Mzee mambo yanamwendea!" Hata mathe alikionea fahari. Halafu kiatu kikamchubua kidole, kidonda kikakataa kupona. Kufika hospitali, sukari iko juu vibaya, vidole viwili vikaenda. Daktari akamuuliza, "Mzee, mara ya mwisho kupima sukari ilikuwa lini?" Buda akajibu, "Kwani nilikuwa mgonjwa?"

Hiyo jibu ndiyo inanikasirisha hadi leo. Si kwa sababu alikosea. Ni kwa sababu tulimfundisha hivyo. Huyo mzee ametolewa damu mara ngapi maishani? Kila homa, kila kichwa kikiuma, anadungwa, anaambiwa "ni malaria na typhoid kidogo", anapewa dawa, anarudi kwa gari. Damu ilikuwa pale miaka yote. Hakuna mtu aliiuliza swali la maana.

Sasa tuongee science kidogo, usiende. Sukari ya ukubwani haikuji ghafla. Mwili unaanza kukataa kusikiliza insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwa seli. Kongosho linajibu kwa kutoa insulini zaidi na zaidi, na kwa miaka mingi sukari yako inasoma sawa tu, kwa sababu kuna mtu huko ndani anapiga overtime. Lakini ishara zingine zinakuwa zimeanza kuonekana. Mwaka wa 1988 daktari wa Marekani, Gerald Reaven, aliziunganisha hizo ishara akaonyesha zinatembea pamoja kama mbogi moja. Leo zinaitwa sindromu ya kimetaboliki, na ziko tano.

Ya kwanza ni kiuno: kwetu Waafrika hutumika sentimita 94 kwenda juu kwa mwanaume, 80 kwenda juu kwa mwanamke. Ya pili ni presha: 130 juu ama 85 chini, yoyote kati ya hizo ikifika. Ya tatu ni sukari ukiwa hujala: 5.6 kwenda juu. Ya nne ni mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi: 1.7 kwenda juu. Ya tano ni HDL, ile kolesteroli nzuri: chini ya 1.0 kwa mwanaume, chini ya 1.3 kwa mwanamke.

Ukiwa na tatu kati ya tano, uko ndani. Hiyo haimaanishi uko na sukari tayari. Inamaanisha uwezekano wako wa kuipata ni kama mara tano ya mtu ambaye hana, na wa kupata ugonjwa wa moyo ni kama mara mbili.

Mimi nilienda kupima nikiwa na miaka 22. Nilianzia kwa chemist ya mtaa, kidole kikadungwa, mia moja ikatoka. Sukari 5.4. Yule dada akaniambia, "Uko fiti kabisa." Ningerudi home nikinunua soda ya kusherehekea. Lakini sura ya buda ilinikataza. Nikafunga usiku mzima, maji pekee, asubuhi nikaenda maabara nikapimwa vyote. Trigliseridi 1.2, sawa. HDL 0.9, chini. Presha 132. Kiuno 97. Na mimi mnaniona kwa video, miguu kama ya korongo, kila mtu ananiita mwembamba.

Tatu kati ya tano, na sukari yangu bado "fiti kabisa".

Ndio maana nasema kudungwa kidole kimoja na kupewa pole ya bure si kupima. Ni kujipoza roho. Na usidanganywe pia na trigliseridi pekee. Watafiti wameonyesha kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika husoma trigliseridi za kawaida hata wakati mwili umeshaanza kukataa insulini. Ile mistari ya 1.7 haikuchorwa ikiangalia damu yetu. Hata kile kipimo cha HbA1c, kinachosoma wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kinaweza kusoma chini kuliko ukweli kama umerithi chembe ya selimundu, ile watu huita sikoseli. Wasee wa Nyanza, Western na Pwani, hiyo inawahusu. Mwambie daktari. Vipimo husomwa pamoja, na mtu anayejua kusoma.

Sasa niwageukie wenzangu, ma-content creator. Tumewauzia watu uongo. Chai ya kuyeyusha tumbo. Juisi ya kuosha ini. Chupa ya rangi ya kijani, code yangu, punguzo asilimia kumi. Na mimi nimo. Mwaka juzi nilipost chai moja, nikalipwa, nikanunua tripod. Hakuna aliyenionyesha matokeo ya damu kabla na baada, na mimi sikuuliza. Ile post nimefuta, pesa sikurudisha. Nawaambia hivyo ndio msinione malaika.

Unajua kitu kilichothibitishwa kinafanya kazi? Kiko boring sana, hakuna kampuni itanilipa nikiseme. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2002 ulichukua watu zaidi ya 3,000 ambao walikuwa karibu kuingia kwa sukari. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea ama kufanya zoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata sukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin, asilimia 31. Miguu ilishinda tembe. Lakini wale watu walijua mapema kwamba wako njiani. Utabadilishaje kitu hujui unacho?

Na serikali, msijifiche nyuma ya "vijana wanapenda chips". Tulipotaka kupigana na HIV, mliweka mahema sokoni, mkaingia campus, mkagonga milango. Iliwezekana. Mwaka wa 2023 mliwapa wahudumu wa afya ya jamii, wale CHP, mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Safi kabisa. Mimi nilimtafuta wa kwetu. Mama mzuri sana, akanipima presha kwa kiti cha plastiki nje ya kibanda. Nikamuuliza ya sukari, akacheka kwa huzuni: vijiti vya kupimia viliisha kitambo. Mashine bila vijiti ni pambo la kuweka kwa kabati. Na kipimo cha mafuta ya damu kinafaa kuwa dispensary ya karibu, kimelipiwa, kwa mtu ambaye kiuno na presha tayari zinapiga kelele. Mimi kililamba zaidi ya elfu mbili. Nani mtaani ako na elfu mbili za kumpima mtu ambaye hajaugua?

Najua utasema ukijua utapata stress. Stress ni kumvalisha babako soksi juu ya vidole ambavyo haviko.

Basi anza na vya bure. Leo jioni enda kwa fundi wa nguo, omba tepu, pima kiuno ukishatoa pumzi, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Usivute tumbo ndani, hakuna camera. Mtafute CHP wenu akupime presha. Hizo mbili hazitaki hata tone la damu. Kama moja iko juu, ama kwenu kuna mtu wa sukari, funga usiku, upige sukari na mafuta yote asubuhi. Matokeo yakikuja mabaya, rudia, umwone daktari, si mimi.

Miezi sita baadaye nilirudi maabara. Kiuno kimeshuka sentimita tatu. Presha imetulia. HDL bado imekaza. Buda huniuliza kila Jumapili, "Umetembea?" Yeye hawezi kutembea mbali siku hizi, so ananihesabia mimi.