Akili Unde Ianzie Mezani pa Mwalimu

Serikali ilipozindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde mwezi Machi 2025, swali lililokuja haraka ni lile lile la mwaka 2013, tulipoahidiwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza: vifaa vitafika lini? Kwetu Kisumu hilo halifai kuwa swali la kwanza. Jaribio lilikwisha kufanyika katika kaunti hii zaidi ya mwongo mmoja uliopita, na matokeo yake yanastahili kusomwa upya kabla ya shilingi yoyote kutumika.

Jaribio hilo lilikuwa sehemu ya PRIMR, mradi uliotafuta njia bora ya kuwafundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma Kiswahili na Kiingereza. Msingi wake ulikuwa vitabu vya wanafunzi, mwongozo wa mwalimu uliopangwa somo kwa somo, mafunzo, na mkufunzi anayeingia darasani kumtazama mwalimu akifundisha. Shule za Kisumu ziligawanywa kwa kura. Baadhi zilipewa vifaa vya kielektroniki vya kusomea kwa ajili ya wanafunzi, nyingine vishikwambi vya walimu, na kundi la tatu vishikwambi vya wakufunzi wanaozunguka shuleni. Benjamin Piper na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2016. Watoto wa makundi yote matatu waliwapita wenzao waliokuwa nje ya mradi, lakini vifaa vilivyoingia darasani havikuongeza cha maana juu ya yale ambayo vitabu, mwongozo na ziara za wakufunzi vilileta bila kifaa. Ukipiga hesabu ya gharama, mradi usio na vifaa ndio uliokuwa na faida kubwa zaidi. Ilipoanzisha Tusome, mpango wake wa kitaifa wa kusoma, mwaka 2015, serikali ilionekana kulielewa somo hilo: kila mtoto alipewa kitabu chake, na vishikwambi vikapewa maafisa wa mtaala zaidi ya elfu moja kote nchini. Inasikitisha kwamba mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo ilianza kusambaza kwa shule za msingi vifaa vilivyokuja kupita milioni moja, kana kwamba Kisumu haikuwahi kuulizwa chochote.

Atakayenipinga atasema kifaa cha kusomea cha wakati ule kilikuwa kitabu chenye betri tu, ilhali akili unde humjibu mtoto na kumweleza alipokosea. Ni kweli, na ndiyo sababu tuiangalie kwa makini zaidi. Nchini Uturuki, watafiti waliwapa wanafunzi wa sekondari wapatao elfu moja programu ya akili unde katika mazoezi ya hisabati. Walioitumia bila masharti walipata alama za juu kwa asilimia 48 wakati wa mazoezi. Ilipoondolewa na mtihani ukaja, walianguka kwa asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa. Kulikuwa na toleo la pili, lililotoa vidokezo vilivyoandaliwa na walimu badala ya majibu, na karibu madhara yote yakatoweka. Tofauti kati ya matoleo hayo mawili ilitokana na kazi ya mwalimu, iliyofanywa kabla mwanafunzi hajafungua chochote.

Mfikirie basi mwalimu wa gredi ya tatu huko Nyakach mwenye madaftari sitini mezani. Anataka kifungu kuhusu mama anayeanika omena ufuoni, kwa viwango vitatu: sentensi fupi kwa anayekwama kwenye silabi, aya moja kwa anayesoma polepole, na kirefu chenye maswali ya kufikiri kwa aliyewatangulia wenzake. Kuandika hayo yote kwa mkono humla jioni nzima, kwa hiyo mara nyingi hayaandikwi, na darasa zima husoma kifungu kimoja. Akili unde huyaandika kwa dakika chache. Ikidai kwamba omena huvuliwa mchana kwa ndoana, mwalimu yeyote wa kandokando ya ziwa atafuta na kuandika usiku, taa na wavu.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Sera yetu inataka gredi za chini zifundishwe kwa lugha ya eneo, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwambao huu ni Dholuo. Lilian Wanzare wa Chuo Kikuu cha Maseno na wenzake walikusanya Kencorpus, hazina ya Kiswahili, Dholuo na Luhya yenye maneno takriban milioni 5.6 na sauti za saa 177. Ni kazi ya kujivunia, lakini programu kubwa za Kiingereza hulishwa matrilioni ya maneno. Kwa pengo kama hilo, Dholuo ya mashine haifai kumfikia mtoto kabla ya kupita mikononi mwa mtu aliyekulia ndani yake.

Wapo wanaohofia kwamba wana wa matajiri watatuacha nyuma, kwa kuwa tayari wana programu hizi nyumbani. Hofu hiyo naiheshimu. Hata hivyo, mtoto asiyeweza kusoma swali wala kulipima jibu hatalipwa fidia kwa kukabidhiwa skrini; anachodaiwa ni kusoma kwanza. Wengine wanasema mwalimu naye atabweteka na kufundisha chochote anachopewa. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni ile ile ya PRIMR: afisa wa mtaala anayeketi nyuma ya darasa, anayetazama na kushauri. Afisa huyo anahitaji nauli ya kufika Seme na Muhoroni.

Fedha za kwanza ziende huko, na kwa Maseno ili hazina ya Dholuo ikue. Kisha, kabla ya Wizara ya Elimu kununua programu yoyote ya wanafunzi, shule za Kisumu zigawanywe tena kwa kura, zijaribu kwa mwaka mzima, na matokeo yatangazwe hadharani kabla ya zabuni kufunguliwa.