TAHARIRI: Swali la Mwanafunzi Lisizimwe

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, harakati yetu imejulikana kwa kupinga taqlidi, yaani kufuata kauli za watu bila ya kutaka dalili. Lakini tukiingia madarasani, shuleni na madrasa, tunaikuta taqlidi tuliyoifukuza mlangoni imerudi kupitia dirishani. Mwalimu husema, wanafunzi hunakili, na mtihani huuliza kilichonakiliwa. Mtoto anayeuliza "kwa nini?" huambiwa anapoteza wakati, akirudia, huambiwa hana adabu.

Wako wanaohofu kwamba kumzoesha mtoto kuyahoji maumbile ni kumfungulia mlango wa kuitilia shaka dini. Hofu hiyo inatokana na mapenzi, lakini haisimami mbele ya Qur'ani. Katika Surat al-Baqara, aya ya 260, Nabii Ibrahim (a.s.) anamwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyohuisha wafu, si kwa kukosa imani bali ili moyo wake utulie. Hakukaripiwa. Aliamrishwa achukue ndege wanne, akafundishwa kwa kutenda na kuona. Basi mwalimu ni nani hata amfokee mtoto wa miaka kumi?

Tanzania tunao mfano wetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, huko Iringa, mwalimu mwingine aliiita hiyo "fizikia ya Mpemba", na wenzake wakamcheka. Lakini Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoulizwa swali hilo alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 makala ya wawili hao ikachapishwa. Hadi leo wanasayansi wanajadiliana juu ya jambo hilo. Tujiulize ni maswali mangapi ya namna hiyo yaliyozikwa katika madarasa yetu kwa kicheko kimoja tu.

Pa kuanzia si mbali. Kila mtoto wa madrasa hufundishwa kwamba Adhuhuri huingia jua linapopinduka, na kwamba Alasiri, kwa kauli ya maulamaa walio wengi, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, mbali na kile kivuli cha wakati wa kupinduka. Ni wangapi waliowahi kukipima? Wanafunzi na wasimamishe kijiti uani. Hapa Dar es Salaam wataona kwamba mwezi wa Desemba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini, na mwezi wa Juni huelekea kusini. Swali litazaliwa lenyewe. Mwalimu asiharakishe kulijibu, bali aulize: "Tutajuaje?" Wao wabashiri, wapime kila wiki, waandike, na wanapohitilafiana waamuliwe na vipimo, si na sauti kubwa.

Tunajivunia Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeichunguza nuru kwa majaribio na kuandika Kitab al-Manazir. Kumsifu ni rahisi. Kumruhusu mtoto afanye alivyofanya yeye ndiyo kazi.

Hatusemi kwamba kila jambo hupimwa kwa kijiti. Mambo ya ghaibu tunayapokea kwa wahyi, na adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu wake inabaki palepale. Lakini Mola wetu, katika Surat al-Ghashiya, ametutaka tutazame ngamia, mbingu, milima na ardhi vilivyoumbwa, na anayetazama kwa dhati hakosi kuuliza.

Kwa hiyo tunawaomba walimu na wazazi watenge walau kipindi kimoja kila wiki ambacho swali ni la mwanafunzi na jaribio ni la mwanafunzi. Na mwalimu asiyejua jibu aseme "sijui, natutafute", kwani maimamu wetu wakubwa hawakuona haya kusema hawajui.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.