Upweke ulivyowaandama vijana wa Kakuma katika familia za Marekani

MAASKOFU wa Kikatoliki nchini Marekani walipotangaza, Aprili 2025, kwamba hawangefanya upya mikataba yao na serikali ya kuwahudumia wakimbizi na watoto, mjadala uliozuka ulihusu fedha na mipaka. Miezi mitatu awali, Rais Donald Trump alikuwa amesimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi. Ni wachache waliouliza kuhusu afya ya akili ya vijana ambao, tangu 1980, wamekuwa wakifika nchini humo bila wazazi na kukabidhiwa familia za wenyeji ziwalee.

Kisa kinachojulikana zaidi cha vijana hao kilianzia katika ardhi ya Kenya. Kambi ya Kakuma, Turkana, ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea maelfu ya wavulana wa Sudan Kusini waliotoroka vita, wakaishi Ethiopia, kisha wakafurushwa huko baada ya utawala wa Mengistu Haile Mariam kuanguka mwaka 1991. Kati ya 2000 na 2001, Marekani iliwachukua takriban 3,800 kati yao. Waliohesabiwa kuwa wametimu miaka 18 walipangiwa nyumba na kutakiwa kujitegemea baada ya miezi michache. Wadogo wao, mamia kadhaa, walipelekwa kwa wazazi walezi na kuandikishwa shuleni.

Umri wenyewe ulikuwa wa kukisiwa. Wengi hawakuijua tarehe yao ya kuzaliwa, hivyo wakaandikiwa Januari 1. Kwa kalamu ya afisa, marafiki wawili waliotembea njia moja na kula sufuria moja walitenganishwa, mmoja akiitwa mtoto na mwingine mtu mzima.

Utafiti wa madaktari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliwachunguza vijana 304 wa kundi hilo waliokuwa chini ya ulezi. Mmoja kati ya kila watano alikuwa na maradhi ya kiwewe. Idadi hiyo si ndogo, lakini pia inamaanisha kwamba wanne kati ya watano hawakuwa nayo, jambo linalowasuta wanaodhani kila mtoto wa vita ameharibika akili. Shuleni walifanya vyema. Matatizo yao yalijitokeza zaidi nyumbani, na kiwewe kilihusiana na mambo mawili: kuwahi kujeruhiwa mwilini na kutengwa na wenzao.

Hilo la pili ndilo lenye uzito. Risasi ya mwaka 1991 hakuna mlezi awezaye kuirudisha nyuma. Upweke wa kijana aliyeko chini ya paa lake unaweza kupunguzwa. Wavulana hawa walikuwa wamelelewa na wenzao kwa karibu mwongo mzima, wakipikiana, wakiuguzana na kuamuana ugomvi. Ghafla wakapewa mama na baba wageni, saa ya kulala na ruhusa ya kuomba kabla ya kutoka. Mlezi aliona ukaidi. Kijana aliona anarudishwa utotoni. Isitoshe, kambini walikuwa Wadinka na Wanuer. Marekani waliamka wakiwa watu weusi, tena walio wachache, na hakuna aliyewaeleza jina hilo lilibeba historia gani.

Ofisini kwa mshauri nasaha, walitakiwa kumwaga siri za moyoni mbele ya mtu wasiyemjua. Na wengi hawakujua kama wazazi wao walikuwa hai. Hawangeweza kuomboleza wala kutulia. Baadhi walipata habari za jamaa zao kwa simu miaka mingi baadaye, na furaha hiyo ikaja na mzigo wa kutuma pesa.

Wasichana karibu wasahauliwe kabisa. Waliosafirishwa wakati huo ni 89 pekee, kwa kuwa kambini walikuwa wamegawiwa familia na hivyo hawakuhesabiwa kuwa peke yao. Wapo waliogeuzwa watumishi wa nyumbani au kuwekwa wakingojewa mahari. Utaratibu ulioonekana kuwa wa kiutu ndio uliowaficha.

Kenya sasa inaelekea njia ya ulezi wa kifamilia. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa serikali wa mwaka 2022 hadi 2032 vinanuia kuwatoa watoto katika makao ya kulelea na kuwarejesha kwa jamaa au kuwapa familia nyingine. Nia ni njema, kwani mtoto hukua vizuri zaidi nyumbani kuliko bwenini. Lakini kijana wa miaka 15 kutoka Turkana au Garissa, akipelekwa katika familia ya lugha na dini nyingine, atahitaji zaidi ya kitanda na karo. Kama aliishi makaoni miaka kumi, wenzake wa huko ndio ndugu zake. Fomu za maafisa wa watoto zitaandika jina la mlezi na kiasi cha mapato yake. Haijulikani kama kutakuwa na nafasi ya kuandika jina la rafiki anayetaka kuhamishiwa karibu naye.